Maji Meupe Yana Njaa

Kamba tunayoshushia chupa ziwani ina alama kila mita 10, na kila mita 100 tumeifunga utepe mwekundu. Naijua kwa viganja. Hata usiku wa giza naweza kukwambia chupa imefika wapi. Hapa mbele ya Kigoma, utepe wa kwanza ukishapita mkononi, chupa haiko mbali kuingia katika maji mengine kabisa, maji yasiyo na oksijeni, ambamo samaki hawezi kuishi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ni kuchota maji ya Ziwa Tanganyika, kuyachuja, kuyapima na kuhesabu kilichomo. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Watu wa mjini wanajua kwamba "tunapima ziwa", na wengi wanadhani tunatafuta uchafu. Naandika kwa sababu ziwa letu linajadiliwa kila siku, sokoni, vikaoni, redioni, na wanaolilisha hawatajwi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chupa iliyotoka mita 300. Chupa yenyewe ni bomba nene lililo wazi juu na chini. Ikifika kina unachotaka, unaachia kipande cha shaba kiteremke kwenye kamba. Tunakiita mjumbe. Kikigonga kufuli, milango miwili inajifunga na maji ya kina kile yanabaki ndani. Kisha mnaivuta. Siku ile tuliivuta kwa mikono, watu watatu kwa zamu. Nilipofungua koki nikapigwa na harufu ya mayai viza. Nikaamini chupa haikuoshwa. Nikayamwaga maji yote ziwani, nikaanza kuisuuza.

Fundi mkuu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Hakugomba. Aliishika kamba, akaitazama chupa tupu, akasema, "Mwanangu, umemwaga ghala."

Ilinichukua misimu miwili kuelewa alichosema, na bado naendelea kukielewa.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale lilipozama zaidi. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal. Lakini oksijeni imo katika sehemu ya juu tu, yapata mita 100 upande huu wa kaskazini na karibu mita 200 kule kusini. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyo na hewa ya kuvuta. Kila kinachokufa juu, mwani, vijikamba, magamba, kinyesi cha samaki, kinanyesha kuelekea huko kama mvua isiyokatika. Huko wanasubiri bakteria. Wanakivunja kimoja kimoja. Oksijeni ilipowaishia, baadhi yao walihamia kwenye salfeti, ndipo ikazaliwa ile harufu ya mayai viza. Wanachokiacha ni fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea, iliyojazana kilindini kwa miaka na miaka.

Basi chakula kiko chini na mwanga uko juu. Kati yao kuna mlango, na ufunguo wake ni upepo.

Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusi unavuma juu ya ziwa hili lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670. Unayasukuma maji ya juu, yenye joto, kuja kwetu kaskazini. Kule Mpulungu, upande wa Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kujaza pengo, na mbolea inapanda nayo. Upepo ukitulia, maji yaliyorundikana huku yanarudi, yanapita kiasi, yanarudi tena. Tabaka zima la ziwa linabembea polepole kwa wiki kadhaa kila mzunguko, na juu huwezi kuona chochote. Ndiyo maana upande wetu ukijani huja baadaye, Septemba mpaka Novemba, wakati upepo wenyewe umeshaondoka.

Nasema ukijani, lakini usifikirie bwawa la chura. Ziwa Tanganyika ni jeupe kweli. Wageni wanaofika wakilitazama kutoka gatini wanalisifu kwa weupe wake, na sisi wenyeji tunajivunia. Kuna chombo kimoja cha kupimia weupe huo, cha kale na rahisi kuliko vyote tulivyo navyo, sahani ya duara inayofungwa kamba na kuzamishwa mpaka isionekane. Aliyeianzisha ni padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, akiwa kwenye meli ya Papa. Nimeizamisha sahani hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zipo siku nimeiona mpaka mita 15. Siku kama hizo moyo wangu haufurahi. Maji meupe namna hiyo ni maji yenye njaa. Hakuna kilichoota.

Sahani inapopotea mita 7 au 8, nahodha wetu hunitazama bila kusema kitu. Anajua. Yeye alivua kwa kipe, chombo cha kuvulia dagaa, miaka mingi kabla hajaja kwetu.

Maabara ndiko ninakokaa zaidi. Maji ya kuhesabia tunayatilia matone ya ayodini, yanageuka rangi ya chai ya rangi, kisha yanaachwa usiku kucha yatuame kwenye mrija mdogo. Asubuhi unaweka hadubini chini ya mrija. Hapo ndipo unapoingia shambani. Kuna dayatomu, wenye ukuta wa kioo halisi, wembamba kama sindano. Kuna minyororo ya sianobakteria kama shanga, na kati ya shanga ndogo ipo moja kubwa, nene, tofauti na nyingine. Hiyo kubwa ina kazi moja tu, kuchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza mbolea. Wenzake wanailisha, nayo inawalisha. Mkulima angeweza kutengeneza mbolea kwa hewa tupu, tungesafiri kwenda kumwona.

Halafu wapo wale ambao hadubini ya kawaida inawapita. Ni sianobakteria wa duara wenye upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiwapanga mstari, elfu moja wanatosha milimita moja. Kuwaona tunatumia hadubini ya mwanga wa buluu, katika chumba cha giza. Unawamulika, na rangi iliyo ndani yao inarudisha mwanga wake wenyewe, nyekundu au chungwa. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani natazama mji kutoka juu ya mlima usiku. Mililita moja ya maji, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, ina bakteria wa kila aina wanaofika laki kadhaa mpaka milioni. Niliinua uso nikatazama ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, na sijaitazama ndoo kwa namna ileile tangu hapo.

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, ndiye aliyetangulia kuona jambo hili. Antoni van Leeuwenhoek alichota maji ya ziwa la karibu na mji wake mwaka 1674, akayaweka chini ya lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona viumbe wanaozunguka na nyuzi za kijani zilizojipinda. Hakuwa na shahada. Alikuwa na uvumilivu na jicho. Nawaambia hivyo vijana wanaokuja kujifunza kwetu.

Sasa nimtaje mama yangu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha hesabu ya jambo hili.

Mama alianika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi tangu kabla sijazaliwa. Mwanzoni alianika juu ya mchanga, baadaye juu ya vichanja. Alinunua ndoo alfajiri vipe vilipoingia, akaanika, akageuza, akafunga, akauza, akarudi kununua. Kwa ndoo hizo nilisoma. Siku moja nilimweleza kitu kilichokuwa kinanitatiza. Ziwa letu linatoa samaki wengi, dagaa na migebuka kwa nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini ukipima mwani uliomo majini kwa wakati wowote ni kidogo sana. Hautoshi kulisha samaki hao wote. Wataalamu waliojadili jambo hilo miaka ya nyuma walishangaa kama mimi.

Mama hakushangaa. "Na mimi mtaji wangu lini ulijaa mkoba?" akasema. "Ungekuja kunihesabia saa tano asubuhi ungenikuta sina shilingi. Nilikuwa naizungusha."

Ndivyo ilivyo hasa. Mti wa mvule unajiwekea akiba ya mbao kwa miaka 100. Kijimea cha majini hakijiwekei. Kinazaliwa, kinajigawa ndani ya siku moja au mbili, kinaliwa. Kijikamba kinakila, dagaa anakula kijikamba, mgebuka anakula dagaa. Ukienda kupima akiba, utakuta mkoba mtupu. Ukipima mzunguko, utakuta utajiri. Na hili si la Tanganyika peke yake. Vijimea vyote vya majini duniani, bahari zikiwemo, ni chini ya asilimia 1 ya uzito wa mimea yote, lakini vinafanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa sayari hii. Nusu nyingine ndiyo misitu yote, nyasi zote, mashamba yote ya mahindi na mpunga.

Bakteria mmoja wa baharini, Prochlorococcus, ndiye kiumbe cha usanisinuru kilicho kingi kuliko vyote duniani, na hakuna aliyekuwa anajua kama yupo mpaka Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao walipomtambua miaka ya 1980. Nilikuwa mtoto wakati huo. Watu walikuwa wameshatembea mwezini.

Hapa nataka kwenda taratibu, kwa sababu watu wakisikia hivyo husema, "Kumbe nusu ya pumzi yangu inatoka majini leo hii." Sivyo kabisa. Oksijeni inayotengenezwa leo na vijimea vya majini karibu yote inatumika humohumo, na bakteria na wanyama wanaovila. Hesabu inakaribia kufungana. Oksijeni iliyo hewani ni akiba ya kale. Ilianza kurundikana yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, wakati mababu wa hawa sianobakteria ninaowahesabu walikuwa peke yao katika kazi ya kuvunja maji kwa mwanga wa jua. Ilibaki kwa sababu sehemu ndogo sana ya waliokufa haikuliwa. Ilizama, ikafunikwa na tope. Kila kaboni iliyozikwa pasipo kuliwa iliacha nyuma yake oksijeni isiyo na wa kuitumia. Tope lililo chini ya Tanganyika lina unene wa kilomita kadhaa. Nikilitazama ziwa sasa naona na makaburi yaliyo chini yake, na najua yale makaburi yana sehemu katika pumzi hii.

Lugha yetu imewapa viumbe hawa majina ya lawama. Tunasema vijidudu, tunasema vimelea, na neno bakteria likitajwa msikilizaji anatafuta dawa. Siwezi kuwalaumu watu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa kijiji cha Kagunga, ufukweni kwetu kaskazini, maelfu kwa maelfu kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwasafirisha kuja Kigoma mjini. Maelfu waliugua na wapo waliokufa. Kina mama wa mwaloni wakiniuliza kama wachemshe maji, jibu langu ni moja siku zote. Chemsheni. Bakteria anayeua yupo. Lakini wanaoua ni wachache katika umati, na umati wenyewe ndio unaotuweka hai. Hayo mawili nayasema kwa pumzi moja, kila mara, na ni kazi ngumu kuliko kuvuta chupa.

Kuna sehemu ya ziwa ninayoipenda kuliko zote, nayo ni pale oksijeni inapokatikia. Ni mpaka wa mita chache, na pana shughuli kama forodhani. Methani inapanda kutoka kilindini, ilikotengenezwa na arkea, viumbe wanaofanana na bakteria ingawa ni ukoo mwingine. Ikifika mpakani inakuta bakteria wanaoila, ikaishia hapo badala ya kwenda hewani kuongeza joto la dunia. Jirani zetu wa Ziwa Kivu, ambalo maji yake yanatufikia kwa Mto Rusizi, wana methani nyingi zaidi, na upande wa Rwanda wanaichoma kuzalisha umeme. Na mwaka 2006 watafiti walichapisha ushahidi kwamba katika mpaka huu wa Tanganyika wamo bakteria wanaounganisha amonia na naitraiti bila oksijeni yoyote na kutoa gesi ya naitrojeni, kuirudisha hewani ilikotoka. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kuonyeshwa katika ziwa la maji baridi. Bakteria wa aina hiyo walitambuliwa kwanza katika mtambo wa majitaka, miaka ya 1990, mjini Delft. Mji uleule wa yule muuza vitambaa.

Kwa hiyo mmoja juu anatoa naitrojeni hewani kuileta ziwani, mwingine chini anairudisha. Ziwa halizidiwi mbolea wala haliishiwi. Nikiwa kazini na chupa kumi na mbili mbele yangu, kila moja na kina chake, najiona kama karani anayeandika hesabu za watu ambao hajawahi kuwaajiri.

Sasa hesabu hizo haziko sawa.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulisoma tope la ziwa hili. Walisema uzalishaji wa vijimea umepungua kwa yapata asilimia 20, na wakakadiria kwamba hilo linaweza kumaanisha upungufu wa karibu asilimia 30 wa samaki. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaonyesha, kwa mabaki ya samaki yaliyomo topeni, kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Sababu yenyewe naishika kila wiki kwa kipimajoto. Maji ya juu yana nyuzijoto kama 26, ya kilindini 23 na kidogo. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini maji yenye joto hubadilika uzito haraka. Nyuzi moja katika joto letu inatenganisha matabaka kuliko nyuzi moja katika ziwa la baridi la Ulaya. Juu likizidi kupata joto, linaelea kwa ukaidi zaidi juu ya lile la chini. Upepo uleule hautoshi tena kufungua mlango. Ghala limejaa, na shamba lina njaa.

Sisemi nyavu hazina kosa. Nimeona kokoro likivutwa pwani na kutoa samaki wa urefu wa kucha. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mimi niliunga mkono. Usiku ule wa kwanza nilitoka nje nikatazama ziwa. Tangu utotoni nilizoea kuziona taa za wavuvi zimejipanga mpaka upeo wa macho, kama mji mwingine unaoelea. Hapakuwa na hata moja. Mama alitoka akasimama nami. Hakuuza dagaa tena kwa umri wake, lakini alitaja majina ya wenzake mmoja mmoja, nani atauza nini mwezi huo.

Ninachodai ni kwamba watu wanaofungiwa ziwa waambiwe sababu zote mbili. Wameambiwa kuhusu nyavu. Kuhusu mlango uliokaza hawakuambiwa, na wao ndio wa kwanza kuelewa wakiambiwa, kwa sababu upepo wanaujua kuliko sisi. Na kupima kusikatike. Daftari zetu zina kurasa tupu. Ipo miaka ambayo mafuta ya boti hayakupatikana, na pale palipopaswa kuwa na namba pana mstari wa kalamu. Mtu atakayetaka kujua miaka 50 ijayo ziwa lilifanya nini mwaka huo, hatapata kitu. Kila nikiukuta mstari kama huo ninaumia, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Wiki iliyopita tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Upepo wa kusi umetulia tangu mwanzo wa mwezi, na ziwa lilikuwa shwari kama mafuta. Tulipofika kituo chetu nahodha akazima injini. Nikateremsha sahani upande wa kivuli wa boti, polepole, nikihesabu alama. Mita 5 ilikuwa nyeupe bado. Mita 7 ikawa na rangi ya jani changa la muhogo. Mita 8 na nusu ikapotea. Nikaipandisha mpaka ikaonekana tena, nikaizamisha mara ya pili kuhakikisha.

"Ngapi?" nahodha akauliza.

"Nane na nusu."

Akatikisa kichwa, akashika kamba ya chupa. Tulikuwa na vina kumi na mbili vya kuchota kabla jua halijawa kali, na barafu kwenye sanduku ilikuwa imeanza kuyeyuka.